Yaliyopimwa Pemba na Dar kuhusu virutubisho: soma kabla hujanunua kopo

MwanalisheTanga (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mimi ni afisa lishe, na miaka yangu mingi nimeimaliza kwenye kliniki ya mama na mtoto. Ujumbe wa faragha ninaoupata humu jukwaani, karibu wote ni picha ya kopo. Mtu anapiga picha kopo la vidonge au la unga, ananiuliza, "Mkuu, hii ni nzuri?" Kopo lenyewe mara nyingi bei yake ingelisha familia wiki nzima, na muuzaji ameahidi kwamba litaondoa kisukari, presha, uvimbe kwenye kizazi na upungufu wa nguvu za kiume kwa mpigo. Nimeona nifungue uzi, tujadili mbele za watu.

Jibu langu kwa kila picha huwa ni swali: nzuri kwa nani? Umepungukiwa nini, na nani amekupima? Wengine huona nawakwepa. Siwakwepi. Kirutubisho kilekile kinaweza kumwokoa mtu mmoja, kisimsaidie chochote wa pili, na kikamlaza wodini wa tatu. Ushahidi wa jambo hili umetoka hapa kwetu, Pemba na Dar es Salaam, kwa watoto wetu na mama zetu, na inaniuma kwamba wataalamu wa lishe duniani wanaujua huku sisi tuliotolewa damu tukiwa hatujausikia.

Naanza na Pemba.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 upungufu wa damu kwa watoto wadogo wa kisiwa kile ulikuwa mkubwa. Watafiti waliokuwa wakishirikiana na maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, pale Chake Chake, wakaandikisha watoto 24,076 wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35. Kundi moja lilipewa kila siku madini ya chuma na asidi ya foliki. La pili lilipewa hivyo hivyo na kuongezewa zinki. La tatu lilipewa kidonge kitupu kisicho na kitu ndani. Kiasi cha chuma kilikuwa miligramu 12.5 kwa siku, na nusu yake kwa ambao hawajatimiza mwaka. Hakuna aliyeona hatari. Ushauri wa kimataifa wakati ule ulikuwa huo huo: penye upungufu mkubwa wa damu, wape watoto wote chuma.

Agosti 2003 makundi ya chuma yakasimamishwa. Watoto waliokuwa wakipewa chuma walikuwa wanalazwa hospitali au kufariki kwa asilimia 12 zaidi ya wenzao wa kidonge kitupu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, sambamba na utafiti kama huo uliofanyika Sarlahi, Nepal. Kule Nepal chuma hakikuongeza vifo. Tofauti kubwa kati ya sehemu hizo mbili ilikuwa malaria, ambayo Pemba ya miaka ile iliuma mwaka mzima.

Hapa panahitaji maelezo kidogo. Kimelea cha malaria na bakteria wengi wanahitaji chuma ili wazaliane. Mwili unalijua hilo. Ukishambuliwa na maradhi, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo huzuia chuma kupenya kutoka kwenye utumbo na kukifungia kile kilichomo kwenye akiba. Yaani mtoto mwenye homa anapunguza chuma kwenye damu yake kwa makusudi, kama kinga. Ukimnywesha chuma kila siku wakati maradhi yamemwandama, unaingilia kinga hiyo, na chembe changa za damu zinazozalishwa ndizo kimelea cha malaria kali huzipenda zaidi.

Sasa nisomeeni sehemu inayorukwa na wengi. Ndani ya utafiti ule kulikuwa na kundi dogo la watoto waliopimwa damu tangu mwanzo, wakafuatiliwa kwa karibu, na wakiugua malaria wanatibiwa mapema. Katika kundi hilo, watoto waliokuwa kweli na upungufu wa chuma walinufaika na vidonge: matatizo makubwa yalipungua kwao. Dalili za madhara zilikuwa kwa wale ambao hawakuwa na upungufu. Kisiwa ni kimoja na kidonge ni kimoja, na bado matokeo yalipishana kwa sababu ya kilichokuwamo au kisichokuwamo kwenye damu ya mtoto kabla hajameza.

Ndiyo maana leo Shirika la Afya Duniani linataka chuma cha watoto katika maeneo ya malaria kiende pamoja na kinga, upimaji na matibabu ya malaria. Na ndiyo maana mtu akinitumia picha ya sirapu ya "kuongeza damu" ya mtoto, namuuliza kwanza kama mtoto amepimwa damu na malaria.

Nawasilisha. Maswali karibuni, nitajibu kila ninachokijua.

---

Mama Nasra

Kaka umenitia hofu. Nina mimba ya miezi mitano, kliniki wamenipa vidonge vya kuongeza damu na nimeambiwa nimeze kila siku mpaka nijifungue. Huku kwetu mbu ni wengi. Niache?

---

MwanalisheTanga

Dada, usiache. Nashukuru umeuliza mapema, maana nisingependa mama hata mmoja asome habari ya Pemba halafu atupe vidonge vyake.

Hofu yako waliwahi kuwa nayo watafiti pia, kwa hiyo wakaipima Dar es Salaam. Walichukua wajawazito 1,500 ambao hawakuwa na upungufu wa chuma wala wa damu, nusu wakapewa miligramu 60 za chuma kila siku, nusu kidonge kitupu. Matokeo yalitoka mwaka 2015: chuma hakikuongeza malaria kwenye kondo la nyuma. Mwili wa mjamzito una mahitaji yake. Damu yako inaongezeka, mtoto anajiwekea akiba ya chuma ya miezi yake ya kwanza duniani, na siku ya kujifungua utapoteza damu. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16, asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wa umri wa kuzaa walikuwa na upungufu wa damu. Kwa mjamzito vidonge vile vinaziba pengo ambalo lipo kweli.

Ila kuna namna ya kuvimeza. Usivimeze na chai. Chai ya rangi au ya maziwa ikinywewa pamoja na mlo inaweza kupunguza zaidi ya nusu ya chuma ambacho utumbo ungekipokea kutoka kwenye mboga na nafaka. Kahawa nayo hufanya hivyo. Iache ipite kama saa moja hivi. Meza kwa maji, na ukiwa na chungwa, pera au juisi ya ubuyu, vizuri zaidi, kwa sababu vitamini C hukifungulia chuma njia. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Ukifunga choo au kichefuchefu kikikuzidi, meza usiku ukienda kulala, kunywa maji ya kutosha, na umwambie muuguzi. Wengi huacha kimyakimya halafu kwenye kadi wanaandikiwa kwamba wanameza.

Na kuna jambo moja ambalo kaunta nyingi za dawa hazimwambii mama. Kile kidonge cha kliniki kina asidi ya foliki miligramu 0.4. Madukani kuna asidi ya foliki ya miligramu 5, ambayo ni zaidi ya mara kumi, na mama anaongezewa "kwa ajili ya ubongo wa mtoto". Kiasi hicho kikubwa kinadhoofisha SP, vidonge vile vitatu mnavyomezeshwa kliniki kuzuia malaria. Kwa hiyo unajikuta umenunua kirutubisho kinachokupunguzia kinga ya malaria. Kama daktari hajakuandikia cha miligramu 5 kwa sababu maalumu, bakia na cha kliniki.

Hata kalsiamu, ambayo wajawazito hupewa kupunguza kifafa cha mimba, imepimwa hapa nyumbani. Ushauri wa zamani ulikuwa gramu 1.5 mpaka 2 kwa siku, vidonge vitatu vikubwa ambavyo mama wengi walivishindwa. Wajawazito 11,000 Dar es Salaam na wengine 11,000 India walishiriki, matokeo yakatoka mwanzoni mwa 2024: miligramu 500 zilifanya kazi sawa na 1,500 katika kuzuia priklampsia, ile presha ya hatari inayotangulia kifafa cha mimba. Kidonge kimoja kilitosha.

---

MuuzaAfya

Mleta uzi, nakuheshimu ila umeegemea upande mmoja. Mimi nauza virutubisho mwaka wa sita sasa. Nina mteja anayeishi na VVU alikuja kwangu amekonda, alipotumia maltivitamini zangu akarudi kazini. Chakula chetu cha sasa hakina nguvu, ardhi imechoka. Na bidhaa zangu ni za asili, zimetokana na mimea, haziwezi kumdhuru mtu. Kwa nini mnawakatisha tamaa wananchi?

---

MwanalisheTanga

Ndugu yangu, nakujibu kwa heshima ile ile, na naanza na pale uliposema kweli.

Maltivitamini ziliwahi kuwasaidia watu wanaoishi na VVU, na utafiti uliothibitisha hilo ulifanyika Dar es Salaam. Kuanzia 1995, Muhimbili wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Harvard waliandikisha zaidi ya wajawazito 1,000 wenye VVU. Kumbukeni miaka ile: dawa za kufubaza virusi hazikuwapo kwa mtu wa kawaida hapa Tanzania. Waliopewa vitamini za kundi B, C na E walipoteza mimba kwa asilimia 39 pungufu, na watoto waliozaliwa na uzito mdogo walipungua kwa asilimia 44. Wanawake hao wakafuatiliwa kwa miaka. Ripoti ya 2004 ilionyesha kwamba waliofika hatua ya mwisho ya UKIMWI au kufariki kwa ugonjwa huo walikuwa asilimia 24.7 kwa waliopewa maltivitamini, na asilimia 31.1 kwa waliopewa kidonge kitupu. Nyuma ya tofauti hiyo kuna mama waliokaa na watoto wao muda mrefu zaidi. Siibezi hata kidogo.

Lakini utafiti huo huo ulikuwa na tawi la vitamini A. Ilitarajiwa ingepunguza maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Ikawa kinyume: watoto ambao mama zao walipewa vitamini A waliambukizwa zaidi, kwa zaidi ya theluthi moja. Vitamini A, ambayo matone yake yanaokoa watoto wa miezi 6 hadi 59 tunapowapa kila baada ya miezi sita! Na kwa watoto wachanga wa siku moja mbili imepimwa pia nchini, watoto 31,999, ripoti ikatoka 2015, haikupunguza vifo. Umri ukibadilika, au hali ya mama ikibadilika, jibu nalo linabadilika.

Kisha zikaja dawa za kufubaza virusi. Swali likawa: je, mtu anayeanza dawa, tukimpa maltivitamini za kiwango kikubwa, atanufaika zaidi kuliko wa kiwango cha kawaida? Dar es Salaam tena, wagonjwa 3,418, kuanzia 2006. Machi 2009 utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati. Kiwango kikubwa hakikuwa kimeongeza faida yoyote juu ya kile cha kawaida, na wengi zaidi waliokuwa wakikimeza walionyesha kimeng'enya cha ini kimepanda kwenye damu, dalili kwamba ini linaumia.

Mteja wako ninafurahi amerudi kazini. Naomba uniambie jambo moja tu: alikuwa ameanza dawa za kufubaza virusi wakati huo huo? Kama ndiyo, kopo lako limepewa sifa ya dawa. Na kama kuna mteja uliyemwambia, au aliyejiaminisha, kwamba kopo linatosha, huyo mtafute leo umrudishe kliniki.

Hili la "asili haimdhuru mtu" halisimami. Betakarotini ni ile rangi ya karoti na viazi lishe. Wavutaji sigara 29,133 nchini Finland walishiriki utafiti ambao nusu yao walimeza miligramu 20 za betakarotini kila siku, kwa matumaini ya kuzuia saratani ya mapafu. Ripoti ya 1994 ikaonyesha saratani hiyo imeongezeka kwa asilimia 18 kwa waliomeza. Marekani nako utafiti mwingine wenye watu 18,314 ulisimamishwa 1996 kwa sababu kama hiyo. Anayekula karoti haipati betakarotini kwa kiasi kile wala kwa mfumo ule wa kidonge. Kula karoti zako bila wasiwasi. Ila mvuta sigara asiuziwe betakarotini, na mjamzito asiuziwe vitamini A ya kiwango kikubwa, kwani ikizidi huharibu maumbile ya mtoto tumboni.

Kuhusu ardhi kuchoka, hilo lina ukweli wake katika baadhi ya maeneo, na dawa yake ipo shambani na kwenye viwanda vya unga. Tangu 2011 Tanzania ina kanuni za kuongeza virutubisho kwenye unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Kenya ikafuata 2012. Chumvi ya madini joto ilianza kabla ya hapo. Shilingi chache kwenye kilo ya unga, na inamfikia hata asiyejua kusoma lebo.

---

Mpemba wa Maskati

Assalaam alaykum. Mie ni mtu wa Wete, nipo Maskati. Habari ya watoto wa Pemba kupewa vidonge naikumbuka ikizungumzwa nyumbani, lakini matokeo ndio kwanza leo nayasoma, tena hapa. Allah akulipe.

Nina mambo mawili. La kwanza, kwetu watoto wakionekana weupe machoni wazee husema wana safura, wapewe dawa ya minyoo. Je, wazee walikosea? La pili, hapa Oman kila mtu ninaemjua kaambiwa hana vitamini D, na mie pia. Jua la hapa linachoma, vipi tukose?

---

MwanalisheTanga

Waalaykum salaam ndugu yangu.

Wazee hawakukosea. Minyoo ya safura hujishika kwenye ukuta wa utumbo na kunyonya damu, na tafiti zilizofanywa kwenye skuli za Pemba miaka ya 1990 zilionyesha kwamba sehemu kubwa ya upungufu wa damu wa wanafunzi ilitokana nayo. Kumpa mtoto mwenye safura sirapu ya chuma bila dawa ya minyoo ni kujaza ndoo iliyotoboka. Kichocho nacho kinatoa damu kwenye mkojo. Kwa hiyo mtoto mweupe macho apimwe malaria, apimwe choo na mkojo, ndipo chuma kifuate. Na usisahau selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, ambao pwani yetu na Kanda ya Ziwa upo kwa wingi. Mtoto wa selimundu ana upungufu wa damu ambao mara nyingi haukusababishwa na kukosa chuma, na akiwa ameongezewa damu mara nyingi, anaweza kuwa na chuma kilichozidi.

La vitamini D: jua kuwaka nje halitoshi, lazima lifike kwenye ngozi. Joto la kwenu linawafungia watu ndani ya viyoyozi, mtu anatoka nyumbani kwa gari mpaka ofisini, na mavazi yanafunika mwili. Ngozi nyeusi nayo inahitaji muda mrefu zaidi juani kutengeneza kiasi kile kile. Ndugu zetu walioko Uingereza wana shida kubwa zaidi, maana kuanzia Oktoba mpaka Machi jua la kule halina nguvu ya kutengeneza vitamini D kabisa. Serikali yao inashauri mikrogramu 10 kwa siku wakati wa majira hayo, na mwaka mzima kwa wenye ngozi nyeusi au wanaojifunika. Hapo kirutubisho kina kazi. Wewe umepimwa na umeambiwa huna, basi meza ulichoandikiwa, kwa kipindi ulichoandikiwa, halafu upimwe tena. Vitamini D huhifadhiwa kwenye mafuta ya mwili haitoki haraka, na ikizidi hupandisha kalsiamu kwenye damu na kuumiza figo.

---

Kijana wa Buza

Mkuu umetueleza tusinunue makopo. Sawa. Sasa tule nini? Mimi ni fundi, nina watoto wawili. Nyama kwetu ni mwisho wa mwezi. Mke wangu anatengeneza juisi ya bitiruti kila siku kwa ajili ya damu, na bitiruti siku hizi zimepanda bei.

---

MwanalisheTanga

Hili ndilo swali nililokuwa nalingoja.

Bitiruti ni chakula kizuri, lakini chuma chake hakifiki hata miligramu moja kwenye gramu 100. Wekundu wake ni rangi tu. Hela hiyo mpe mama anunue dagaa na mchicha.

Dagaa, ndugu yangu, ni chakula ambacho kingekuwa kinatoka ng'ambo kikiwa kwenye kopo, tungekinunua kwa bei ya kuruka. Analiwa na mifupa, kwa hiyo kalsiamu ipo. Ana chuma cha mnyama, ambacho utumbo unakipokea kwa urahisi mara kadhaa kuliko cha mboga. Ana zinki, na ana vitamini B12, ambayo mboga za majani hazina. Tena nyama au samaki kidogo kwenye sahani huvuta chuma cha maharage na mchicha nacho kipokelewe. Mtoto mdogo, saga dagaa safi waliokauka vizuri, umwekee kijiko kwenye uji. Nunua wasio na mchanga wala harufu ya uvundo.

Maharage, kunde na choroko vina chuma kingi lakini kimefungwa na faitiki, kitu kilichomo kwenye nafaka na mikunde kinachokishika chuma na zinki visitoke. Bibi zetu walikuwa na dawa yake bila kuiita hivyo: waliloweka maharage usiku kucha wakamwaga maji, walichachusha uji wa togwa, waliotesha ulezi na mtama ukawa kimea. Kuchachusha na kuotesha hupunguza faitiki. Uji wa kimea pia ni mwepesi, kwa hiyo mtoto anaweza kunywa wenye unga mwingi zaidi ndani ya kikombe kile kile. Ile "lishe" ya nafaka saba inayouzwa mitaani, yenye karanga, soya, mchele, ngano na kila kitu ndani, mimi siishauri kwa mtoto wa miezi sita. Kila nafaka inaiva kwa muda wake, karanga ikioza kidogo inaharibu unga wote, na hakuna ajuaye uwiano. Unga wa nafaka moja, dagaa au yai au maharage yaliyopondwa pembeni, mboga, tunda, mafuta kidogo. Inatosha.

Vitamini A: viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, boga, maembe, matembele, kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa sana. Tia mafuta, kwa sababu vitamini A haipokelewi bila mafuta. Ukipata mawese mekundu ya Kigoma ambayo hayajachomwa mpaka yakawa meupe, umepata vitamini A ndani ya mafuta yenyewe.

Dona au sembe? Sembe imeondolewa kiini na pumba, na vitamini B nyingi zimeondoka navyo. Dona ni bora, kwa sharti moja ambalo halisemwi vya kutosha: mahindi yawe makavu na safi. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, hukaa zaidi kwenye pumba na kiini, na mahindi yenye ukungu ukiyasaga dona unaila yote. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Kama huna hakika na mahindi, nunua sembe iliyoongezewa virutubisho, yenye alama yake kwenye mfuko.

Na ile chai ya saa nne na chapati, isogeze mbali na mlo wa mboga. Haigharimu kitu.

---

Mchangiaji wa Goma

Huku kwetu wadada wanatumia vidonge vya kunona, wanavinunua sokoni kwa moja moja, bila karatasi. Wanasema ni vitamini. Na kwa wanaume kuna unga wa nguvu. Unasemaje?

---

MwanalisheTanga

Ndugu, vingi vya hivyo vya kunona si vitamini. Kinachotumika sana, Kinshasa mpaka huku kwetu, ni deksamethasoni, ambayo ni steroidi, na siproheptadini, dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula. Steroidi inavimbisha uso, inapandisha sukari na presha, inadhoofisha kinga na mifupa. Aliyeitumia muda mrefu asiiache ghafla peke yake, aende hospitali aipunguziwe taratibu, kwani tezi zake zimeacha kutengeneza homoni yake mwenyewe.

Unga wa nguvu: mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekuta mara nyingi ndani ya bidhaa za "asili" za aina hiyo kuna sildenafili, dawa ya hospitali ya nguvu za kiume, iliyofichwa. Mzee anayetumia dawa za moyo za kundi la naitreti akiimeza bila kujua, presha inaweza kushuka mpaka akafa.

---

Dereva Mstaafu

Mwanangu, nimesoma uzi wote. Nina kisukari mwaka wa kumi na moja, natumia metformini. Mwezi uliopita binti yangu aliniletea unga wa mimea, muuzaji kamwambia nikiutumia miezi mitatu naweza kuacha dawa. Miguu inawaka moto usiku. Nifanyeje?

---

MwanalisheTanga

Shikamoo mzee wangu.

Metformini usiiache. Hakuna unga uliothibitishwa kuchukua nafasi yake, na sukari ikipanda kimyakimya ndiyo inayoharibu macho, figo na miguu.

Miguu kuwaka moto inaweza kuwa kisukari chenyewe kimegusa mishipa ya fahamu. Lakini metformini ikitumiwa miaka mingi hupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu wa B12 nao unawasha miguu hivyo hivyo. Katika yote tuliyoongea humu, wewe huenda ndiye mtu ambaye kirutubisho kinamhusu kweli. Ukienda kliniki mwambie daktari maneno haya: "Natumia metformini zaidi ya miaka kumi, miguu inawaka, naomba nipimwe B12 na damu." Kama hospitali yenu haina kipimo hicho, daktari anaweza kuamua kukutibu kwa dalili, kwa sindano au vidonge. Usijinunulie asidi ya foliki kwanza. Inaweza kurekebisha damu ikaonekana nzuri huku mishipa ikiendelea kuharibika kwa kukosa B12.

Huo unga usimamishe kwa sasa, na siku ya kliniki ubebe na kopo lenyewe, si jina lake tu. Waambie pia wakupime figo, kwa sababu dozi ya metformini inategemea figo zinavyofanya kazi, na hatujui huo unga umefanya nini mwezi mzima. Angalia nyayo kila jioni kwa kioo, au binti akuangalie. Ukiona kidonda hata kidogo, usingoje tarehe ya kliniki.

Ukirudi utuandikie hapa walichokukuta nacho. Nitakuwepo.